Kipande Kilichokosekana: Habari ya Magonjwa Yanayofuata Damu

Hapa Kampemba, kuanzia Bel-Air hata Bongonga, ugonjwa ukimshika mtu mmoja, watu husema ni ugonjwa. Ukiwashika wawili wa ukoo mmoja, watu huanza kunong'ona. Akilala wa tatu, basi hakuna tena anayetaja hospitali: kinachotafutwa ni jina la mlozi. Mjomba mzee hutazamwa kwa jicho baya, mjane hunyang'anywa sufuria na magodoro yake, na pengine mtoto wa miaka sita husingiziwa kwamba anakula ndugu zake usiku. Sisi makatekista huitwa mara nyingi kwenye mabaraza ya namna hiyo, na twaketi hapo mpaka taa inaishiwa mafuta.

Yafaa kusema wazi kwamba watu hao si wajinga. Wameona kwa macho yao kwamba ugonjwa unafuata damu, na katika hilo wana haki kabisa. Njia inawapotea pale wanapouliza ni nani aliyeutuma. Maana yako magonjwa ambayo sababu yake si kitu kilichoingizwa mwilini na adui, bali ni kitu kilichokosekana tangu siku mimba ilipotungwa. Namna wataalamu walivyofika hata kuuona upungufu huo ni habari ya miaka zaidi ya mia moja, na sehemu yake moja ni habari yetu sisi watu wa Afrika.

Wa kwanza kuipata njia alikuwa mtawa. Gregor Mendel, wa shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri kwa muda wa miaka minane hivi, akizihesabu kwa uvumilivu wa mama anayechambua mchele. Aliona kwamba njegere za manjano zikipandishwa na za kijani, watoto wote huwa manjano. Lakini wajukuu wakizaliwa, kijani hurudi, moja katika kila nne. Basi kijani hakikuwa kimekufa, kilikuwa kimejificha. Akafahamu kwamba kila mmea hupokea sifa zake mara mbili, mara moja kwa baba na mara moja kwa mama. Aliyasoma hayo mbele ya chama cha wataalamu wa mji wake mwaka 1865, yakapigwa chapa mwaka 1866, na hakuna aliyeyajali. Akafa mwaka 1884 akiwa abati, amechoshwa na ugomvi juu ya kodi za monasteri. Mwaka 1900 ndipo watu waliyafukua maandiko yake.

Miaka minane baadaye, mwaka 1908, daktari Archibald Garrod alitoa hotuba huko London juu ya magonjwa manne ambayo mtu huzaliwa nayo na kufa nayo. Mojawapo lilikuwa ualbino. Garrod alifundisha kwamba kazi za mwili hufanyika kwa hatua, moja baada ya nyingine, na hatua moja ikikosekana, kazi yote husimama hapo. Mtu wa Lubumbashi aliyekulia chini ya bomba refu la moshi la Gécamines haoni shida kuelewa jambo hilo: asipokuwapo wa kuwasha tanuru, hakuna shaba, hata kama mawe yamejaa uani na makarani wote wamefika kazini.

Leo twajua kwamba maagizo ya kazi hizo zote yameandikwa ndani ya kila chembe hai ya mwili, kama kitabu chenye herufi karibu milioni elfu tatu. Kila sura ya kitabu hicho huitwa jeni. Nacho kitabu tunacho mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama. Makosa ya kitabu ni ya namna nyingi, lakini kwa habari yetu yatosha kutaja mawili. Pengine herufi moja imebadilika. Ndivyo ilivyo kwa ndugu zetu wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao hapa mjini twawaita SS. Pengine si herufi, ni ukurasa mzima uliochanwa, au sura yote. Kosa la kwanza ni la mwandishi aliyekosea. La pili ni la panya aliyekula kitabu.

Na tazama jambo la ajabu: ni rahisi zaidi kuiona herufi moja iliyokosewa kuliko kuuona ukurasa usiokuwapo. Habari za tezi zitatuonyesha kwa nini.

Tezi ni viungo vidogo vitoavyo homoni, yaani maji yanayopeleka amri mwilini kwa njia ya damu. Ziko mbili juu ya figo, ndogo kama kidole gumba, nazo ndizo zinazofanya moyo upige kwa nguvu mtu akikutana na nyoka. Tezi hiyo ikiota uvimbe, hutoa amri ya hofu wakati hakuna nyoka. Mtu ameketi anakula bukari yake kwa amani, ghafula moyo unadunda, kichwa kinapasuka, jasho linamtiririka, rangi inampotea, kisha baada ya dakika chache yote yanatulia. Nadhani kila msomaji ameshafahamu hali kama hiyo ingepewa jina gani katika mtaa wetu. Wangesema ana pepo.

Mwaka 1886, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, msichana wa miaka 18 alikufa kwa ugonjwa wa namna hiyo. Daktari Felix Fränkel alipoufungua mwili alikuta uvimbe katika tezi zote mbili. Akaandika aliyoyaona, basi, ikawa imekwisha. Lakini mwaka 2007 madaktari wa mji huohuo waliwatafuta watu wa ukoo wa yule msichana, wakaona kosa la herufi moja katika jeni iitwayo RET, kosa linaloleta uvimbe wa tezi za juu ya figo pamoja na kansa ya tezi ya shingo. Miaka zaidi ya 120 ilikuwa imepita, na lile kosa lilikuwa bado linatembea katika ukoo, likipokewa na mtoto mmoja na kumwacha mwingine. Mlozi gani angeishi miaka mingi hivyo?

Ukoo wa Freiburg ulikuwa na herufi iliyokosewa. Koo nyingine zilikuwa na ukurasa uliochanwa, na habari yao ni hii. Mwaka 1904 Eugen von Hippel, daktari wa macho Mjerumani, aliandika juu ya watu ambao mishipa midogo ya damu hufanya vivimbe nyuma ya jicho. Mwaka 1926 Arvid Lindau, Mswidi, alionyesha kwamba vivimbe vya macho na vivimbe vya ubongo ni ugonjwa mmoja. Baadaye ikajulikana kwamba watu hao huota pia uvimbe katika figo, kongosho, na zile tezi za juu ya figo. Ugonjwa ukapewa majina ya mabwana hao wawili. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu ya kuupokea, mvulana au msichana, sawasawa na kurusha franga hewani.

Lakini kama mtu amezaliwa na upungufu huo katika kila chembe ya mwili wake, kwa nini uvimbe unaota mahali pamoja tu, tena akiwa na miaka ishirini au thelathini? Jibu lilitoka Marekani mwaka 1971. Alfred Knudson alikuwa akichunguza watoto 48 wenye kansa ya jicho, ile inayofanya mboni ing'ae nyeupe kama jicho la paka. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na kalamu na hesabu. Akahesabu umri wa watoto na idadi ya vivimbe, akasema: lazima mambo mawili yatokee, si moja. Baadhi ya jeni ni kama breki, huzuia chembe zisizaliane ovyo. Kwa kuwa kila jeni tunayo mara mbili, twashuka mlima na breki mbili. Mtu wa kawaida lazima zote mbili zikatike katika chembe ileile moja, nayo ni bahati mbaya ya nadra sana. Lakini aliyezaliwa na breki moja tu, ile ya pili ikikatika popote, hapohapo uvimbe huanza. Ndiyo maana vivimbe vyake ni vingi, na huja mapema.

Ilibaki kuiona breki yenyewe. Mwaka 1993 kundi la wataalamu wa Marekani na Uingereza lilitangaza kwamba limeipata jeni ya ugonjwa wa von Hippel na Lindau katika kromosomu ya 3. Nani aliyewaonyesha mahali? Ni vile vipande vilivyokosekana. Walipima koo 221, wakaona mpangilio umeharibika katika koo 28. Na katika 18 kati ya hizo sehemu ya jeni ilikuwa imeondoka kabisa. Mtu akitafuta nyumba isiyo na namba katika mtaa asioujua, kiwanja kilichobomolewa humsaidia: wagonjwa hao walikuwa na matundu katika jeni ileile, basi kitu kilichokuwa hapo ndicho kinachotafutwa.

Lakini baada ya furaha ikaja aibu ya maabara. Jeni inajulikana, herufi zake zinasomeka, na bado koo nyingi zenye ugonjwa dhahiri ziliambiwa: hatuoni kosa. Walikuwa wanapimwa, wanarudishwa nyumbani bila jibu. Kwa nini?

Nitalieleza kwa kitu ninachokijua. Vitabu vya ubatizo vya parokia huandikwa mara mbili: kimoja hubaki parokiani, nakala hupelekwa kwa askofu. Tuseme mtu amechana ukurasa katika kimoja. Ukimwuliza karani, «Jina la Ilunga limo, na limeandikwa sawa?» atafungua kile kitabu kizima na kukujibu kwa moyo mweupe: «Limo, tena halina kosa.» Hakudanganya. Ni swali lako lililokuwa baya. Ilipasa kumwuliza: «Limo mara ngapi?» Vivyo hivyo mashine ya kusoma herufi ilisoma nakala ya mzazi mzima, ikaikuta safi, ikatangaza usafi. Ukurasa uliochanwa hauna herufi za kukosewa.

Basi wakajifunza kuhesabu badala ya kusoma. Walitumia njia ya Edwin Southern, ya mwaka 1975, ya kukata na kutandaza vipande vya urithi na kupima wingi wake, mwanga ukiwa nusu ya mwanga wa kawaida wakajua nakala ni moja. Walipounganisha kusoma na kuhesabu, maabara moja ya Marekani mwaka 1998 iliona kosa katika koo 93 kati ya koo 93. Hakuna hata moja iliyorudi bila jibu. Mwaka 2002 Waholanzi wakaleta njia nyepesi zaidi ya kuhesabu vipande vingi kwa mara moja, na kwa njia hizo ukurasa uliochanwa ukaonekana pia katika jeni nyingine za uvimbe wa tezi, kama ile iitwayo SDHB.

Faida ya kujua ni nini, ikiwa kitabu hakishoneki? Ni kubwa. Mtoto ambaye hakupokea upungufu huachiliwa. Haendi tena kila mwaka kuchunguzwa macho na figo, halali na hofu. Aliyeupokea huchunguzwa, na uvimbe hukatwa ungali kama punje ya hindi. Tena namna ya kosa ina maana: koo ambazo jeni hiyo imeondoka nzima huota uvimbe wa tezi za juu ya figo mara chache, na koo zenye herufi iliyobadilika huota mara nyingi. Hilo si jambo dogo kwa mpasuaji, maana kumlaza mgonjwa usingizi wa operesheni bila kujua kwamba ana uvimbe ule kwaweza kupandisha damu yake ghafula hata akafa mezani. Na tangu mwaka 2021 iko dawa ya kumeza, belzutifani, iliyokubaliwa kwanza Marekani, ambayo hupunguza vivimbe vya ugonjwa huo. Ilitokana na kufahamu kazi ya breki yenyewe, jambo lililoungana na uvumbuzi wa namna chembe zinavyoipima hewa ya oksijeni, uvumbuzi uliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2019.

(Niseme hapa, ili nisilete hofu kwa watu: kila mwenye presha si mgonjwa wa tezi. Wengi sana wana presha ya kawaida, na dawa yao ni kumeza vidonge bila kuacha na kupunguza chumvi.)

Nimetaja Freiburg, London na Marekani. Mtu wa Kampemba atauliza: na sisi tuna ukurasa gani uliochanwa? Tunao, tena twauona kila siku njiani, sokoni, kanisani. Ni ule unaowafanya baadhi ya watoto wetu wazaliwe na ngozi nyeupe, nywele za rangi ya majani makavu, na macho yanayokimbia mwanga. Ndugu zetu wa Kinshasa huwaita ndundu. Tanzania waliitwa zeruzeru, neno ambalo wenyewe wanalichukia, nao wana haki. Siku hizi husemwa watu wenye ualbino.

Garrod mwaka 1908 alidhani ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1952 daktari wa macho Mwingereza, Patrick Trevor-Roper, aliandika juu ya mume na mke, wote wawili albino, waliozaa watoto wenye rangi. Lingewezekanaje? Ingekuwa wote wawili wamekosa ukurasa uleule, watoto wangeupata wapi? Maana yake ni kwamba kurasa zilikuwa mbili tofauti: baba alikosa mmoja, mama mwingine, na kila mmoja akamjazia mwenzake. Basi ualbino ni wa namna zaidi ya moja.

Ile namna iliyoenea kwetu ilifuatwa kwanza na wataalamu wa Johannesburg. Mwaka 1992, kwa kupima familia za Waafrika wa huko, walionyesha kwamba jeni yake imo katika kromosomu ya 15. Wakati huohuo wengine walikuwa wakichunguza panya wenye macho mekundu na manyoya yaliyofifia, wakaipata jeni ya panya hao, nayo ikaonekana kuwa ndiyo ileile ya binadamu. Mwaka 1994 upungufu wenyewe ukaonekana katika watu wenye asili ya Afrika: katikati ya jeni hiyo, yenye vipande zaidi ya 20, kipande cha 7 hakipo. Herufi kama 2,700 zimeondoka kwa mkato mmoja.

Mwaka 1995 ikaja zamu ya Tanzania. Walipimwa watu 13 wenye ualbino wasio na udugu kati yao. Kila mmoja ana nakala mbili za jeni, basi nakala ni 26, nazo zote zilikuwa na kasoro. Katika sehemu 77 kwa mia ya nakala hizo kasoro ilikuwa moja tu: kile kipande cha 7 kilichokosekana. Vipimo vya Afrika ya Kusini vilipata karibu vivyo hivyo, nakala nane katika kila kumi.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ukichana karatasi mbili kwa mikono yako, kingo za machano hazitafanana kamwe. Lakini kingo za machano haya ni zilezile, herufi kwa herufi, Tanzania na Afrika ya Kusini. Basi hakikuchanwa mara nyingi. Kilichanwa mara moja, katika mwili wa mtu mmoja, na wote walio nacho wamekipokea kwake. Wataalamu wakakisia kwamba mtu huyo aliishi kabla koo za Afrika hazijatengana, miaka elfu mbili au tatu iliyopita, labda zaidi. Kuna watu wanaosema albino si mtu wetu, ni mzimu, ni mgeni. Kumbe anachukua mwilini mwake alama ya babu wa kale wa Msukuma na Mzulu, ushahidi wa udugu ambao sisi wengine hatuwezi kuuonyesha hata tukihesabu majina ya mababu mpaka asubuhi.

Sasa kwa nini upungufu huu haufuati njia ya ule wa tezi? Kwa sababu jeni hii si breki. Kazi yake ni kusaidia kutengeneza rangi, na nakala moja nzima yatosha kuitengeneza yote. Mwenye machano katika nakala moja ni mweusi kama mwingine yeyote, hajui, wala hatajua. Tanzania mtoto mmoja hivi katika 1,400 huzaliwa na ualbino. Ukipiga hesabu kwa kanuni ya Mendel, yatoka kwamba mtu mmoja hivi katika 19 anachukua machano kimya kimya. Katika kanisa lenye watu 400, hao ni kama 20 wanaoimba pamoja na wengine. Wawili kati yao wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumleta mtoto aliyepokea machano pande zote mbili. Ni ile njegere ya kijani ya Mendel.

Baba, sikiliza. Mtoto anapozaliwa hivyo, mara ngapi mama mkwe husimama mlangoni na kuuliza, «Huyu umemtoa wapi?» Mara ngapi mwanamume hukusanya nguo zake na kuondoka, akisema mke alilala na Mzungu, au na pepo? Lakini hesabu haina upendeleo: mtoto huyo hakuweza kuzaliwa hivyo ila kwa kupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Ngozi ileile anayoitumia kumshtaki mke ndiyo kwa kawaida hati ya kwamba damu yake nayo imo. Tena mtoto huyo akikua akaoa mtu asiyechukua machano, watoto wake wote watakuwa weusi.

Nimesema jeni hii si breki. Hata hivyo nayo huishia kwenye uvimbe, kwa njia nyingine. Rangi ya ngozi ni mwavuli wetu juu ya jua. Aliyezaliwa bila mwavuli, jua humchoma siku kwa siku, na makovu ya shingo, masikio na midomo hugeuka kansa. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walitoa habari za mamia ya albino waliowachunguza, na ni habari za kuhuzunisha: vijana wa miaka ishirini na kitu wenye kansa iliyokwisha kukua. Kansa hiyo haikuandikwa kitabuni. Kilichoandikwa ni kukosa mwavuli tu, na mwavuli waweza kununuliwa. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, chuo cha magonjwa ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992. Kutoka hapo waganga huzunguka vijijini kukagua ngozi na kuondoa madoa mabaya yangali madogo, na hapohapo Moshi ilianzishwa kazi ya kutengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya albino, yaitwayo Kilisun.

Kwetu Katanga twadanganywa na baridi. Mwezi wa sita na wa saba watu huvaa makoti asubuhi, nao hudhani jua halina nguvu. Lakini Lubumbashi iko juu kiasi cha mita 1,200, anga la kiangazi halina wingu, na jua la saa sita huchoma ngozi tupu hata upepo ukiwa baridi.

Kuna hatari kuliko jua. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 Tanzania, hasa kandokando ya Ziwa Victoria, watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga wa uongo waliwaambia wavuvi na wachimba madini kwamba viungo hivyo huleta mali. Mauaji yakavuka mpaka hata Burundi. Mwezi wa kwanza wa 2009 serikali ya Tanzania ilifuta leseni za waganga wa jadi. Umoja wa Mataifa ukaweka tarehe 13 Juni kuwa siku ya watu wenye ualbino, kwa azimio la Desemba 2014, na mwaka 2015 ukamteua Ikponwosa Ero, mwanamke wa Nigeria mwenye ualbino, kuzitetea haki zao. Mji wetu ni mji wa wachimba madini. Tusijidai kwamba maneno yale ya utajiri hayawezi kufika masikioni mwa vijana wetu.

Wenyewe hawakukaa wakilia. Chama chao Tanzania kilianzishwa mwaka 1978. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, na Salum Khalfani Barwany alichaguliwa na watu wa Lindi mwaka 2010. Kinshasa, Mwimba Texas, mwanamieleka mwenye ualbino, ametumia jina alilolipata ulingoni kuwatetea wenzake.

Kupima kile kipande cha 7 ni kazi nyepesi kwa maabara yenye mashine: hutafutwa kingo mbili za machano, na zikikutwa zimegusana, kipande hakipo. Lakini mtoto wa hapa Kampemba haihitaji mashine hiyo, maana ugonjwa wake unaonekana tangu siku ya kuzaliwa. Anahitaji kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya jua, na mtu wa kumkagua ngozi mara mbili kwa mwaka. Tena macho yake hayaoni mbali, si kwa sababu ya uvivu wala ubishi, bali rangi iliyokosekana katika ngozi imekosekana pia ndani ya jicho, na jicho lisilo na rangi halikui sawasawa. Mwalimu anayemweka nyuma ya darasa, karibu na dirisha lenye jua, anamnyima masomo bila kujua. Mahali pake ni benchi la kwanza, upande wa kivuli, na ubao uandikwe kwa herufi kubwa.